Samaki waliokufa ndani ya maji masafi: kisa cha tangi la Hajati, Jinja

Hajati alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, siku mbili kabla ya Idi, na hakuanza na salamu. "Fundi, njoo. Samaki wamekufa. Huyu kijana kawatilia kitu kwenye maji." Nyuma yake nilimsikia kijana mwenyewe akiapa kwamba hakutia chochote ila maji.

Alikuwa anasema kweli. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimekutana nacho zaidi ya mara moja, na kila mara lawama humwangukia yule aliyelisafisha tangi. Watu huona jana maji yalikuwa ya manjano na samaki wazima, leo maji yanang'aa na samaki wamekufa, basi wanahukumu. Safari hii kijana alikuwa karibu kupoteza kazi.

Kwanza tangi lenyewe. Hajati ni mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Jinja, Uganda, miaka mingi, na ana hoteli ndogo ya pilau, supu na chapati. Tangi nilimtengenezea mimi miaka miwili na ushei iliyopita: urefu sentimita 100, upana 40, kimo 50. Ukitoa changarawe na nafasi ya juu, linabeba lita 180 hivi. Ndani mlikuwa na samaki wa dhahabu tisa, walioingia wakiwa wa urefu wa kidole na sasa wamekuwa wa kujaa kiganja, pamoja na wawili wa kulamba kioo. Chujio lilikuwa sponji kubwa linalovutwa na pampu ya hewa. Siku ya kumkabidhi nilimfundisha kijana mambo mawili. Asimwage maji ya bomba moja kwa moja, ayaache kwenye pipa lisilofunikwa kwa siku mbili ili klorini itoke. La pili, maji yakipungua, ajazie. Hilo neno "jazia" nimelifikiria sana tangu siku ile.

Kijana alifuata kila nililomwambia. Jumanne alijaza mapipa mawili. Alhamisi baada ya Alasiri, kwa kuwa wageni wa Idi walikuwa njiani na maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu, alivuta nusu ya maji kwa mpira, akayaweka kwenye majerikani ya manjano, manne na nusu, maana Hajati humwagilia mchicha wake, ambao sisi huku tunauita dodo. Akafuta kioo, akasuuza sponji bombani, akajazia maji ya pipa. Magharibi tangi lilikuwa linang'aa na wateja wanalisifu. Lakini samaki walikuwa wamekunja mapezi, wamesimama mahali pamoja. Kufikia Isha wote walikuwa juu wakihema. Alfajiri sita walikuwa wanaelea.

Nilipofika nilianza na maiti. Nilimshika mkubwa wao na kuinua kifuniko cha shavu kwa ukucha. Matamvua ya samaki mzima huwa mekundu kama nyama mbichi, na nyuzi zake zimeachana vizuri. Haya yalikuwa ya zambarau iliyokolea, yamevimba, yamegandamana kwa ute mzito uliovutika kwenye kidole changu kama uji wa muhogo. Magamba yalikuwa mazima, hakuna madoa meupe, hakuna kidonda. Huyu hakufa kwa ugonjwa wa kuambukizwa. Aliungua matamvua, tena kwa muda mfupi.

Hajati alikuwa na mshukiwa wa pili: Jumatatu jikoni palipuliziwa dawa ya mende. Wazo hilo si la kupuuza hata kidogo. Dawa nyingi za kupulizia wadudu zina pairethroidi, na hizo huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Pampu ya hewa inayovuta hewa ya jikoni inaweza kuzifikisha ndani ya maji. Lakini Jumanne, Jumatano na mchana wa Alhamisi samaki walikula kama kawaida, na kijana alikumbuka hata nani alikula kwanza. Nikaiweka kando.

Klorini? Maji yalikaa kwenye mapipa siku mbili juani. Oksijeni? Pampu ilikuwa inafanya kazi usiku kucha na umeme haukukatika. Hapa wengi wangepotea, kwa sababu samaki anayehema juu ya maji tunamchukulia moja kwa moja kuwa amekosa hewa. Matamvua yaliyoungua hutoa sura ileile: hewa imejaa tele majini lakini mlango wa kuipokea umeharibika. Mwanzoni mwa 2021, sangara walipokufa kwa wingi upande wetu wa Ziwa Victoria, watu wengi walisema ni sumu, na maelezo ya serikali yakawa ni upungufu wa oksijeni. Kwa Hajati ilikuwa kinyume. Kila dalili ilisema oksijeni, na jibu likawa ni sumu iliyozaliwa ndani ya tangi lenyewe.

Nikamuuliza kijana, "Yale maji ya zamani uliyamwaga?"

"Bado, fundi. Yako nyuma. Nilisema nitamwagilia asubuhi."

Nilifurahi kuliko nilivyoweza kumwonyesha. Majerikani yale ndiyo yaliyomwokoa. Bila hayo ningebaki na maji mapya tu, na maji mapya yasingeeleza kitu.

Nilipanga mirija mitatu ya kioo juu ya meza ya wateja: maji ya pipa, maji ya tangi kama yalivyokuwa asubuhi ile, na maji ya jerikani. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha ualkali, yaani akiba ya kabonati ambayo maji hutumia kumeza asidi. Kipimo hiki ni cha matone: unadondosha tone moja moja na kutikisa. Maji yanakuwa ya buluu, na akiba ikiisha yanageuka manjano. Maji ya pipa yaligeuka kwenye tone la tatu, ambayo ni sawa na miligramu 54 hivi kwa lita. Ya tangi yaligeuka kwenye la pili. Ya jerikani hayakuonyesha buluu kabisa. Tone la kwanza liligusa maji na yote yakawa manjano. Kijana, aliyekuwa ameinama kando yangu, akauliza kama dawa imeharibika. Nikarudia kwa mrija mwingine, ikawa vilevile. Akiba ilikuwa sifuri.

Kisha pH, kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na namba ikishuka chini yake maji yana asidi zaidi. Pipa na tangi vilikuwa karibu 8. Jerikani lilitoa rangi ya chini kabisa ya karatasi yangu, 6, na huenda lilikuwa chini zaidi. Mwisho amonia. Maji ya jerikani yalitoa kijani kizito kupita kipimo changu, ikabidi niyazimue, sehemu moja kwa nne za maji safi, ndipo nikasoma 4. Yaani jerikani lilikuwa na miligramu 20 za amonia kwa kila lita. Tangi lilikuwa na 10, nusu kamili, kama unavyotarajia baada ya kubadilisha nusu ya maji.

Hapo Hajati akauliza swali ambalo ndilo moyo wa kisa hiki. "Mwanangu, kama amonia ilikuwa ishirini na samaki wanakula, imepungua kuwa kumi, kwa nini wafe?"

Amonia ndani ya maji ina sura mbili. Moja ni amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua na kuingia kwenye damu. Nyingine ni amoniamu, ambayo ina chaji ya umeme na haipenyi kirahisi. Kipimo changu, kama vipimo vingi vinavyouzwa, huzijumlisha zote mbili. Kinachoamua ngapi ziwe sumu na ngapi zisiwe ni pH, na joto kwa kiasi. Kwa maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 6, sehemu iliyo sumu haifiki hata asilimia 0.1. Ikiwa 7 ni kama asilimia 0.6. Ikifika 8 ni asilimia 5 na zaidi kidogo, na kwenye 9 inapita theluthi moja.

Sasa piga hesabu ya tangi la Hajati. Alhamisi mchana: miligramu 20, pH 6, sumu halisi ni kama miligramu 0.01 kwa lita. Alhamisi usiku: miligramu 10, pH 8, sumu halisi ni kama 0.5. Amonia yote imepungua nusu, na sumu imepanda karibu mara 50. Wafugaji wa samaki huanza kuogopa madhara kwenye matamvua kuanzia 0.05. Ongeza na mshtuko wa pH yenyewe. Kipimo cha pH huenda kwa mara kumi kila hatua, kwa hiyo kutoka 6 hadi 8 ni badiliko la mara 100, ndani ya saa moja, kwa samaki aliyezoea maji ya asidi kwa miezi. Na lile pipa la juani, lililokuwa sahihi kabisa kwa ajili ya klorini, liliyapa maji nafasi ya kutoa hewa ya kaboni na kupandisha pH juu zaidi ya ilivyotoka bombani.

Lakini pH ilishukaje hadi 6 tangu mwanzo? Hapa ndipo kosa la kweli lilipo, na lilianza miaka miwili nyuma.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza hutoa nyingine. Bakteria wanaoishi kwenye sponji na changarawe huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi. Kila mfugaji hujifunza hili mapema. Kisichosemwa vya kutosha ni kwamba kazi hiyo hutoa asidi, na asidi hula akiba ya kabonati. Kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa hula gramu 7 hivi za ualkali. Lita 180 za maji yetu ya Jinja, yenye miligramu 54, zina akiba ya gramu 10 tu kwa jumla. Kwa hesabu yangu, gramu 40 au 50 za chakula cha samaki zinatosha kuimaliza. Hicho ni kikopo kidogo! Na tangi hili halikulishwa na kijana peke yake. Wateja walikuwa wanatupia vipande vya chapati, kwa mapenzi, kila siku.

Maji ya Ziwa Victoria hayana kabonati nyingi, na mjini kwetu bomba linatoka humo humo. Mtu wa Kigoma au Bujumbura anayetumia maji ya Ziwa Tanganyika, yenye ualkali mara sita hivi ya haya yetu na pH inayokaribia 9, anaweza kuzembea muda mrefu zaidi kabla ya kuona jambo hili. Sisi hatuna nafasi hiyo. Kujazia maji yaliyopungua huleta akiba kidogo, lakini kwa tangi lenye samaki wakubwa tisa ni tone baharini.

Akiba ilipoisha pH ikaanza kushuka. Ilipopita 6.5 kwenda chini bakteria wakalegea, na kwenye 6 wakawa karibu wamesimama. Kuanzia hapo amonia haikuwa na wa kuigeuza, ikarundikana wiki kwa wiki kwa sura yake ya amoniamu, na asidi ileile iliyowasimamisha bakteria ikawalinda samaki. Tangi lilikuwa limefikia amani ya hatari: kila kitu kilitulia mradi tu asije mtu akafanya jambo jema. Kijana alifanya jambo jema.

Sponji kusuuzwa bombani nalo lilikuwa kosa, kwa sababu klorini huua bakteria wachache waliobaki. Sponji huminywa ndani ya ndoo ya maji ya tangi lilelile. Ila silo lililoua usiku ule. Bakteria walikuwa wamekwisha lala kitambo.

Nilimwambia Hajati haya yote mbele ya wapishi, na nikasema wazi kwamba neno la kujazia lilitoka kwangu na kijana alilitii. Hajati alinyamaza, akafuta meza ambayo haikuwa na kitu, kisha akamgeukia. "Mwanangu, nisamehe." Kijana alisema "Yameisha, Hajati," akaenda kuchukua ndoo.

Ndoo ilihitajika kwa sababu walikuwepo watano hai bado, watatu wa dhahabu na wawili wa kulamba kioo, na pH ilikwisha kupanda. Hapa ushauri hugeuka. Kabla pH haijapanda, kubadilisha maji mengi ni hatari. Ikishapanda na kufanana na ya pipa, kubadilisha maji ndiyo dawa. Mapipa yalikuwa na maji ya kutosha. Tulibadilisha nusu papo hapo, na sehemu ya tatu tena alasiri, amonia ikashuka kufikia 3 na nusu hivi, na jioni ile kidogo tena. Nilikwenda nyumbani Walukuba nikachukua sponji moja kutoka tangi langu, lenye miaka mingi, nikalibeba likiwa limezama ndani ya maji yake kwenye kopo, maana likikauka au kukosa hewa muda mrefu bakteria hufa. Tukaliweka kando ya lile la zamani. Chakula tukasimamisha siku tatu. Samaki wa dhahabu hawafi kwa njaa ya siku tatu, na kila punje unayotupa ni amonia nyingine. Karatasi ya kuwaomba wateja wasilishe ilibandikwa kwenye kioo siku hiyo hiyo.

Niliogopa nitriti, kwa sababu bakteria wanaoishughulikia huchelewa kuliko wale wa amonia. Nitriti huingia kwenye damu na kuigeuza rangi ya kahawia isiyobeba oksijeni, na kloridi ya chumvi huizuia isipenye matamvua. Tulitia chumvi gramu 1 kwa lita, ikiyeyushwa kwanza, kwa mafungu matatu. Samaki wa dhahabu huivumilia vizuri. Hawa wa kulamba kioo wengi hawaipendi, kwa hiyo sikuzidisha. Mmoja wa dhahabu alikufa Jumamosi hata hivyo. Wanne waliobaki walikula Jumatatu, punje chache, wakizitema na kuzirudia.

Kuhusu akiba ya kabonati, wengi wangekimbilia bekingi soda. Inafanya kazi, lakini mtu mwenye tangi lililofikia hali ya lile la Hajati akitia bekingi soda atapandisha pH ghafla na kupata msiba uleule bila hata kubadilisha tone la maji. Mimi natumia makombe ya konokono na kome yaliyosagwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya chakula cha kuku kwa ajili ya kuku wa mayai. Yaoshe mpaka maji yawe maangavu, yafunge kwenye kitambaa cha wavu, yaweke mahali maji yanapopita. Asidi ikizidi yanayeyuka zaidi, ikipungua yanatulia, na hakuna wa kukosea kipimo. Kwa tangi hili tuliweka nusu kilo.

Na kama una tangi la namna hii sasa hivi, ambalo bado halijaua samaki wake? Pima kabla hujagusa mpira. pH ikiwa chini ya 6.5 na amonia ipo, toa sehemu ya kumi tu ya maji leo, urudishie taratibu, kesho tena, keshokutwa tena, chakula kikiwa kidogo sana. Bakteria wataamka kadiri pH inavyopanda na wataila ile amonia kabla haijageuka sumu yote kwa pamoja. Inachukua wiki mbili au tatu na inachosha. Kama huna vipimo kabisa, fanya hivyo hivyo kwa tangi lolote ambalo halijabadilishwa maji kwa miezi.

Wiki ya tatu amonia na nitriti za Hajati zote zilisoma sifuri. Utaratibu sasa ni majerikani mawili kila Jumatatu, ambayo ni kama sehemu ya tano ya tangi, na kijana hudondosha matone ya ualkali mwenyewe kabla ya kuanza na kuandika namba kwenye daftari la madeni ya wateja, ukurasa wa nyuma. Nilimpa chupa yangu.

Hajati anataka samaki wake tisa warudi. Nimemwambia atapata wawili, wawe wanne wa dhahabu kwa jumla, na hao nao wangependa nafasi kubwa kuliko hiyo. Hatukuelewana siku hiyo, lakini wiki iliyofuata alinituma nimletee wawili.

Yale majerikani manne na nusu ya kwanza yalimwagwa kwenye dodo. Mimea haiogopi amoniamu. Ni chakula chake. Nilipopita juzi ilikuwa imenifika magotini.